NANI ANAMLISHA MWANDISHI WA HAKI?



Ukurasa huu umezoea habari za mishahara, likizo na fidia za ajali kazini. Safari hii tunazungumzia kuandika, ambako nako ni kazi kama kazi nyingine. Kunataka muda, na muda unataka posho. Je, mtu anayechunguza kama sheria inawalinda tajiri na maskini kwa kipimo kimoja, analishwa na nani wakati anachunguza?

Huko Marekani, mjini Peterborough katika jimbo la New Hampshire, kuna mahali panapoitwa MacDowell, palipoanzishwa mwaka 1907. Waandishi, wachoraji na watunzi wa muziki huchaguliwa kwenda kukaa hapo kwa muda bila kulipa. Kila mmoja hupewa kibanda chake cha kazi msituni. Chakula cha mchana huletwa katika kikapu na kuachwa mlangoni ili anayefanya kazi asisumbuliwe. Mwaka 1954 aliingia hapo mwanasheria Mweusi mwenye umri wa miaka 43, Bibi Pauli Murray. Mwandishi James Baldwin naye alikuwapo mwaka huo.

Ili tuelewe Bibi Murray alikwenda kuandika nini, lazima turudi mwaka 1940, katika jimbo la Virginia. Mkulima Mweusi, Odell Waller, aligombana na mwenye shamba juu ya fungu lake la ngano. Waller alilima kwa mgao: ardhi ya bwana, jasho la mkulima, na anayegawa mavuno ni bwana. Ugomvi uliishia kwa risasi, mwenye shamba akafa. Waller alisema alikuwa akijihami, alihukumiwa kifo. Watetezi wake walieleza kwamba raia walioketi kuamua kesi yake walichaguliwa miongoni mwa watu waliolipa kodi ya kichwa, na mkulima wa mgao hakuwa na uwezo wa kuilipa. Kodi hiyo ilikuwa dola 1.50 kwa mwaka, na aliyetaka kupiga kura alitakiwa awe ameilipa kwa miaka mitatu. Wazee wetu wanaijua kodi ya kichwa ya mkoloni. Ile ilimsukuma mtu kwenda kutafuta kibarua kwa Mzungu. Hii ya Virginia ilimfukuza kwenye sanduku la kura.

Marekebisho ya 14 ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1868, yanakataza jimbo lolote kumnyima mtu ulinzi sawa wa sheria. Maneno hayo yalikuwapo tayari kwa miaka 72 Waller alipokamatwa. Bibi Murray, aliyekuwa akifanya kazi na chama cha kutetea haki za wafanyakazi, Workers Defense League, alizunguka nchi pamoja na mama mlezi wa Waller kukusanya fedha za kesi. Haikusaidia. Mahakama ya Juu haikukubali kuisikiliza, na tarehe 2 Julai 1942 Waller aliuawa kwa umeme.

Kesi hiyo ndiyo iliyomsukuma Bibi Murray kusoma sheria katika Chuo Kikuu cha Howard. Mwaka 1944, akiwa mwanamke pekee darasani, aliandika kwamba kuwatenga Weusi ni kuvunja Katiba hata kama shule na mabehewa wanayopewa yangekuwa mazuri kama ya Wazungu. Wenzake walimcheka. Akawekeana dau la dola 10 na mwalimu wake, Spottswood Robinson, kwamba hukumu ya mwaka 1896 iliyoruhusu utengano huo ingeanguka katika miaka 25. Ilichukua kumi tu: tarehe 17 Mei 1954 utengano wa shule ulipigwa marufuku. Baadaye aligundua kwamba mawakili wa kesi hiyo walikuwa wameisoma karatasi yake ya darasani.

Lakini sifa hazijazi chungu. Mwaka 1952 aliomba kazi ya utafiti Chuo Kikuu cha Cornell akanyimwa kwa ajili ya watu waliomdhamini: Eleanor Roosevelt, mwanasheria Thurgood Marshall, na A. Philip Randolph, kiongozi wa chama cha wahudumu wa mabehewa ya kulala. Eti walikuwa wa siasa kali mno. (Wasomaji wetu wanajua jinsi jina la kiongozi wa chama linavyoweza kuwa doa katika faili la mwombaji kazi.) Jibu lake lilikuwa kitabu juu ya ukoo wake. Humo yumo babu aliyepigana vita dhidi ya majimbo ya utumwa, kisha akawafundisha watumwa walioachwa huru. Yumo pia bibi yake, aliyezaliwa na mama mtumwa aliyenajisiwa na mtoto wa bwana. Sheria ya siku hizo ilimhesabu mtoto huyo kuwa mali. Hayo ndiyo aliyokuwa akiyaandika kule msituni. Kitabu, Proud Shoes, kilitoka mwaka 1956.

Kodi ya kichwa ya Virginia ilifutwa na Mahakama ya Juu mwaka 1966, kwa maneno yaleyale ya ulinzi sawa. Mwaka 1971 mahakama hiyo ilitengua sheria ya Idaho iliyompendelea mwanamume kuliko mwanamke katika kusimamia mirathi. Wakili Ruth Bader Ginsburg aliliweka jina la Bibi Murray kwenye hoja zake, kwa kuwa ndiye aliyetangulia kuiandika njia hiyo. Huku kwetu, mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mwanza aliamua kwamba bibi wa Kihaya anaweza kuuza shamba la ukoo alilorithi kama mwanamume awezavyo.

Hatusemi kwamba wafadhili ni malaika. Nafasi za namna hii humwendea zaidi anayejua kuziomba, na Waller asingepata hata fomu. Ndiyo maana tunaviuliza vyama vyetu. Vyuo vyetu vya wafanyakazi vina vyumba vinavyokaa vitupu kati ya kozi moja na nyingine. Karani wa mahakama ya kazi, kuli wa bandarini au mfanyakazi wa nyumbani apewe kimoja kwa wiki sita, meza, taa na chakula, mshahara wake usikatwe, aandike aliyoyaona sheria inapopima watu kwa mizani mbili. Matawi yenye maoni yamwandikie mhariri.