Kurefusha Maisha ya Kompyuta ya Mkononi

Kompyuta ikizeeka, wengi hulaumu kichakataji. Mara nyingi kinachoichelewesha ni diski yenye sahani zinazozunguka, ambayo kichwa chake hutangatanga kikitafuta data. Tutazame ThinkPad T420 ya mwaka 2011. Yafaa kwanza kunakili tasnifu na masimulizi yaliyorekodiwa vijijini, kwani diski ikifa huenda nayo. Kisha diski hiyo ya inchi 2.5 hutolewa kwa bisibisi, ikawekwa nyingine isiyo na sehemu inayosogea; hapo ndipo tofauti kubwa huonekana. Kumbukumbu ifuate, nayo iwe ya aina ya DDR3. Mashine nyingine hazikubali: katika MacBook Air, tangu ile ya 2008, kumbukumbu imetiwa lehemu kwenye ubao mkuu.