Kutu Iliyojificha Chini ya Maji: Namna ya Kutengeneza Vyuma vya Chombo cha Tanga Kilichozeeka



Vyama vya msingi vya mkoa wetu wa Ruvuma havifanani kwa mazingira. Wenzetu wa Madaba wanaishi nyanda za juu, kando ya barabara iendayo Njombe, nao hulima mahindi na tangawizi. Wenzetu wa Liuli na Mbamba Bay wanaishi ufukoni mwa Ziwa Nyasa, nao hutegemea uvuvi. Hata hivyo liko jambo moja linalowahusu wote: chuma kikaacho ndani ya maji huliwa mahali pasipoonekana. Kwa mvuvi, chuma hicho ni misumari ya chombo na bawaba za usukani. Kwa mkulima wa Madaba, ni bomba na valvu ya pampu iliyozamishwa mtoni. Makala haya yanaeleza ugonjwa huo na tiba yake kwa kutumia mfano wa chombo cha tanga, kwa sababu huko ndiko mafundi walikopambana nao kwa miaka mingi, na huko ndiko uzembe mdogo unakoweza kugharimu maisha ya watu.

Chanzo cha ugonjwa

Wengi wetu tunajua kwamba chuma kikikutana na maji na hewa hupata kutu. Lisilojulikana sana ni kwamba metali mbili za aina tofauti zikigusana ndani ya maji, moja huilinda nyingine kwa kujitoa mhanga. Mfano tunao majumbani. Betri ya kawaida ya kurunzi ina mkebe wa zinki. Kadiri betri inavyotoa umeme, ndivyo mkebe unavyoliwa, hata mwisho hutoboka na kuvuja. Chombo chenye msumari wa chuma uliogusana na kipande cha shaba chini ya maji nacho ni betri, ila betri hiyo haimulikii mtu. Inakula chuma usiku na mchana.

Metali zina daraja zake. Magnesiamu na zinki ni dhaifu, huliwa kwanza. Chuma kipo katikati. Shaba ni yenye nguvu, huliwa mwisho. Zikiungana mbili majini, iliyo dhaifu ndiyo itakayoangamia.

Jeshi la wanamaji la Uingereza lilijifunza jambo hili kwa hasara. Mwaka 1761 meli yake iitwayo HMS Alarm ilivikwa mabamba ya shaba chini ya maji ili kuzuia wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Ilipokaguliwa mwaka 1763, shaba ilikuwa nzima, lakini misumari ya chuma iliyoshika mabamba hayo ilikuwa imeliwa vibaya. Mafundi waliona pia kwamba pale ambapo karatasi ya kufungia mabamba ilisahauliwa katikati ya shaba na chuma, chuma kilisalimika. Karatasi ilikuwa imezitenga metali hizo mbili. Mwaka 1824 mtaalamu Humphry Davy alionyesha njia ya pili: kipande cha zinki au cha chuma kikiunganishwa na shaba, chenyewe huliwa na shaba hubaki salama.

Maji ya chumvi hupitisha umeme kwa wepesi kuliko maji baridi ya ziwa na mito, na kwa sababu hiyo ugonjwa huu huenda kasi zaidi baharini. Ushahidi mmoja wa upole wa maji baridi ni meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani, waliokuwa wakiiita Graf von Goetzen, waliizamisha kwa makusudi mwezi wa Julai 1916, baada ya kuzipaka injini zake grisi nyingi. Iliinuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Lakini upole si usalama kamili. Ziwani kutu huchelewa tu, na kuchelewa huko ndiko kunakowafanya watu wasahau ukaguzi.

Kukagua chombo

Chombo hakiwezi kukaguliwa kikiwa kinaelea. Kule pwani, mafundi hungoja maji ya bamvu, chombo hupandishwa ufukoni, na maji yakipwa hutegemezwa kwa magadi, yaani nguzo za pembeni. Ziwa letu halina kupwa na kujaa kwa namna hiyo, hivyo chombo huvutwa juu ya magogo kwa nguvu za watu. Hata meli za chuma hazikwepi sheria hii: mwezi wa Agosti 1914, vita vilipoanza, meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilikutwa hapo Liuli, wakati huo ikiitwa Sphinxhaven, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo.

Chombo kikishapanda, fundi ayatazame mambo haya:

1. Michirizi ya rangi ya kahawia itokayo kwenye vichwa vya misumari. Hiyo ni dalili kwamba msumari unaliwa ndani ya ubao.

2. Hali ya mbao kuzunguka msumari. Achome kwa ncha ya kisu. Ubao ukiwa laini kama mkate, msumari haushiki kitu tena hata kama wenyewe ni mzima.

3. Bolti za mkuku na za bawaba. Kichwa cha bolti chaweza kuwa kizuri na katikati pakawa pamekonda kama kiuno cha nyigu, kwa hiyo kutazama kichwa hakutoshi. Ni lazima bolti moja au mbili zing'olewe zitazamwe zima.

4. Shaba ya manjano, yaani ile iliyochanganywa na zinki. Ikikaa katika maji ya chumvi, zinki yake hutoka na kuacha shaba yenye matundu kama sifongo. Ikikwaruzwa huonyesha rangi ya waridi badala ya manjano. Haifai tena.

5. Chuma kisichoshika kutu. Wengi hukiamini mno. Nguvu yake hutokana na utando mwembamba unaohitaji hewa, na kikifungiwa ndani ya ubao wenye maji yaliyotuama, hutoboka vishimo vyenye kina kirefu.

Kutengeneza

Msumari ulioliwa usivutwe kwa pupa, maana utapasua ubao. Kichwa kikatwe, kisha msumari usukumwe kwa kisukumio kutoka upande wa pili. Tundu la zamani lisafishwe na kuzibwa kwa kiziba cha mti mgumu, na msumari mpya upigiliwe mahali pazima, si katika tundu lile lile. Fundi mzuri wa pwani huuviringishia msumari nyuzi za pamba zilizolowekwa mafuta kabla ya kuupigilia, ili maji yasifuate njia ya msumari. Kazi hii huonekana ndogo, lakini ina faida ileile ya karatasi ya HMS Alarm: inakitenga chuma na adui yake.

Bawaba za usukani zibadilishwe zote mbili, ile ya usukani na ile ya chombo, nazo ziwe za metali moja pamoja na bolti zake. Kuweka bawaba mpya ya shaba kwa bolti za chuma kuukuu ni kuandaa ajali, kwani bolti zitaliwa kwa haraka kuliko mwanzo, na usukani waweza kung'oka siku ya mawimbi makubwa. Baada ya hapo mbao zikalafatiwe upya, na chini ya chombo kupakwe deheni au rangi inayofaa.

Kipande cha zinki kikitumika, kifungwe juu ya metali iliyokwanguliwa ikang'aa, wala kisipakwe rangi, kwa sababu rangi hukizuia kufanya kazi. Kikiliwa hata kubaki nusu, kibadilishwe. Katika maji baridi zinki hujifunika ganda na kulala, ndiyo maana magnesiamu hufaa zaidi ziwani. Wala visiwekwe vipande vingi kupita kiasi, maana kinga ikizidi hudhuru mbao zinazozunguka chuma.

Somo kwa wenye pampu

Ndugu wa Madaba wasidhani kwamba habari hizi ni za wavuvi tu. Bomba la chuma lililopakwa zinki, likifungwa moja kwa moja kwenye valvu ya shaba na kuzamishwa mtoni, huwa na ugonjwa ule ule, na mara nyingi huanza kuliwa kwenye hesi, mahali palipochongwa na kukonda. Pampu huanza kunyonya hewa, na chama hununua pampu mpya ilhali ubovu ulikuwa katika kiungo. Dawa ni kutumia kiungo cha plastiki katikati ya metali hizo mbili, na kuitoa pampu majini msimu ukiisha. Mabati ya nyumba zetu yanatufundisha vivyo hivyo: ni chuma kilichopakwa zinki, na yakikwaruzwa kidogo, zinki iliyo kando huendelea kukilinda chuma hata itakapokwisha.

Wajibu wa chama

Hatari kubwa kwa chama ni kununua kifaa kuukuu kilichopakwa rangi mpya. Bodi isikubali kulipa fedha za wanachama kabla chombo hakijapandishwa nchi kavu na bolti kung'olewa mbele ya fundi asiye upande wa muuzaji. Muuzaji akikataa bolti ising'olewe, hilo lenyewe ni jibu.

Katibu aweke daftari la kila chombo na kila pampu, likionyesha tarehe ya ukaguzi, kilichong'olewa, kilichobadilishwa, na metali iliyotumika. Bila daftari hilo, fundi wa mwaka kesho ataweka shaba juu ya chuma pasipo kujua. Aidha, gharama za ukaguzi ziingizwe katika makisio ya kila mwaka na kuidhinishwa na mkutano mkuu, zisingoje mpaka chombo kivuje.

Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Chombo kizee kina adui wa namna hiyo, adui akaaye ndani ya ubao wakati wanachama wanaangalia mawingu. Bolti chache zikibadilishwa kwa wakati, wavuvi watarudi nyumbani na mali ya chama itadumu.