Sumaku za Jenereta Ndogo: Gundi Pekee Haitoshi

Kwa miaka mingi umeme wa mji wa Bukoba umetoka Uganda, kupitia njia ya msongo wa kilovolti 132 kati ya Masaka na Kyaka. Hata hivyo, yapo maeneo ambayo si rahisi nguzo kuyafikia: visiwa vya Wilaya ya Muleba kama vile Bumbire, Ikuza na Goziba, pamoja na mashamba ya mabondeni yaliyo mbali na barabara. Mkazi wa maeneo hayo mwenye upepo wa ziwa au kijito kisichokauka anaweza kuamua kununua jenereta ndogo ya sumaku, au kumpa fundi mota ya zamani aigeuze kuwa jenereta. Katika makala hii tunaeleza jambo moja ambalo mteja hulisahau wakati wa kununua: namna sumaku zilivyoshikizwa kwenye rota, yaani sehemu inayozunguka.

Sumaku zenyewe

Sumaku zinazotumika leo katika jenereta hizi hutengenezwa kwa neodimiamu, chuma na boroni. Zilianza kujulikana miaka ya 1980, na nguvu yake ni kubwa mara nyingi kuliko ile ya sumaku nyeusi za spika. Neodimiamu ni miongoni mwa madini adimu, ambayo hapa nchini yanapatikana Ngualla, Mkoa wa Songwe. Pamoja na nguvu hiyo, sumaku hizi zina udhaifu wa aina tatu. Huvunjika kama kigae zikigongwa. Hupata kutu upesi iwapo ganda lake la nikeli limechubuka, jambo la kuzingatia sana katika hali ya mvua na unyevu ya Kagera. Aidha, zile za daraja la kawaida huanza kupoteza nguvu zikizidi nyuzi joto 80.

Kwa nini sumaku hung'oka

Wateja wengi huamini kwamba sumaku iliyoshika chuma kwa nguvu haiwezi kutoka. Imani hiyo ni kweli rota ikiwa imesimama. Rota inapozunguka, kila sumaku husukumwa kuelekea nje, na msukumo huo huongezeka kwa kasi kuliko mizunguko yenyewe: mizunguko ikiongezeka mara 2, msukumo huongezeka mara 4.

Tuchukue mfano wa sumaku yenye urefu wa milimita 46, upana wa milimita 30 na unene wa milimita 10. Uzito wake ni takribani gramu 100. Ikiwekwa sentimita 12 kutoka katikati ya rota, kwa mizunguko 300 kwa dakika itavutwa nje kana kwamba imening'inizwa mzigo wa kilo 1 na robo. Kwa mizunguko 600 mzigo huo ni kilo 5. Kwa mizunguko 1,500 ni kilo 31. Rota huwa na sumaku nyingi, na mojawapo ikitoka hukwaruza koili, huvunja nyingine, na vipande vyake huweza kumjeruhi aliye karibu.

Hatari huwa kubwa zaidi pale matumizi ya umeme yanapokatika ghafla. Waya ukichomoka, jenereta hukosa kazi ya kufanya, na maji au upepo huizungusha kwa kasi inayoweza kufikia karibu mara 2 ya ile ya kawaida. Sumaku iliyodumu mwaka mzima huweza kung'oka katika dakika hiyo moja.

Ushikizaji ulio salama

Gundi ina kazi yake, lakini haipaswi kuwa tegemeo la pekee. Gundi nyingi za kawaida hulegea kwa joto hata kabla ya sumaku kuharibika, na haishiki vizuri juu ya mafuta au kutu. Kazi iliyo salama huwa na hatua zifuatazo:

1. Rota huchongwa vishimo au kingo ili kila sumaku ikae mahali pake bila kuteleza.
2. Chuma husuguliwa kwa msasa na kuondolewa mafuta, kisha hupakwa gundi ya epoksi ya sehemu mbili, ambayo huachwa ikauke kwa muda wote ulioandikwa na mtengenezaji.
3. Sumaku huzungushiwa mkanda wa chuma cha pua kisichovutwa na sumaku, au nyuzi za kioo zilizoloweshwa resini. Mkanda wa chuma cha kawaida haufai, kwa kuwa hupotosha njia ya nguvu ya sumaku na kupunguza umeme.
4. Rota husawazishwa ili isitikisike, kisha hujaribiwa ndani ya kizuizi imara, kwa kasi inayozidi ile ya kazi, watu wakiwa mbali.

Maswali ya kumuuliza muuzaji au fundi

Kabla ya kulipa, tunamshauri mteja aulize: Je, sumaku zimefungwa mkanda, au zimebandikwa tu? Kasi ya juu kabisa inayoruhusiwa ni ipi, na imeandikwa kwenye kibao cha mashine? Umeme usipotumika, ni kifaa gani kitakachoizuia mashine isikimbie? Sumaku ni za daraja gani la joto? Fundi aliyeifanya kazi ipasavyo hujibu maswali haya bila kusita. Majibu yaandikwe kwenye risiti au hati ya dhamana.

Mteja asifungue rota mwenyewe. Sumaku mbili za ukubwa tuliotaja huweza kuponda kidole zinapokutana. Watu wenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo wakae mbali nazo. Mtoto akimeza sumaku ndogo, apelekwe hospitali mara moja bila kusubiri dalili.

Wajibu wa kisheria

Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 haimlazimu mwenye mtambo ulio chini ya megawati 1 kuwa na leseni ya kuzalisha umeme. Nafuu hiyo haiondoi wajibu wa usalama. Kazi ya kufunga nyaya kutoka kwenye jenereta hadi nyumbani ifanywe na fundi mwenye leseni ya ufungaji umeme inayotolewa na EWURA, na mteja anayo haki ya kuomba kuiona leseni hiyo kabla kazi haijaanza.