Trekta Gani Lifaalo Mashamba ya Mikarafuu?

Wanachama watakumbuka kuwa mkutano mkuu ulituagiza tutazame matrekta kabla fedha za chama hazijatolewa. Basi tulivuka kwenda Dar es Salaam, tukazunguka viwanja vya Sabasaba, Temeke, wakati wa maonyesho ya biashara, kisha tukawapitia wauzaji mpaka upande wa Kinondoni. Haya ndiyo tuliyorudi nayo.

Wauzaji wengi walianza kwa kutuonyesha trekta kubwa na jembe la diski. Jembe hilo lafaa mpunga au mahindi. Mizizi ya mkarafuu inayonyonya chakula i karibu na uso wa ardhi. Ukiikata kwa diski waudhoofisha mti ulioungoja miaka sita au zaidi upate kuzaa. Serikali ya Uingereza ilipeleka matrekta mengi Kongwa kwa mpango wa karanga mwaka 1947. Vichaka na udongo mgumu viliyashinda, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Nasi tusinunue kabla ya kulitazama shamba.

Kazi yetu kubwa ni kufyeka magugu chini ya miti kabla ya mavuno, na kuchukua magunia. Kwa hivyo twaona slasha ya nyuma ya futi 5 na tela vyatosha kwa kuanzia. Slasha hiyo yataka nguvu ya farasi 25 hadi 30 kwenye shafti ya PTO, inayozunguka mara 540 kwa dakika. Trekta la farasi 35 hadi 40 litaimudu, tena litapita pale ambapo kubwa lingevunja matawi.

Mambo manne yaangaliwe:

Kwanza, magurudumu yote manne yavute, kwa ajili ya vilima na utelezi wa mvua.

Pili, pawe na vyuma vya uzito mbele. Slasha ikiinuliwa mlimani, magurudumu ya mbele huwa mepesi na usukani haushiki.

Tatu, chuma cha kumkinga dereva, pamoja na mkanda. Cha kukunjwa hupita chini ya matawi, lakini kikikunjwa hakikingi. Kiinuliwe mara dereva atokapo mitini. Na gogo la kuvutwa lifungwe chini, kamwe si juu, maana trekta huweza kupinduka nyuma likamlalia dereva.

Nne, vipuri. Slasha ina bolti iliyofanywa dhaifu makusudi, ili ikigonga kisiki ikatike yenyewe, gia isivunjike. Bei yake ni ndogo, lakini ikikosekana kisiwani kazi husimama mpaka chombo kije. Tununue kadhaa siku ile ile.

Wako wenzetu watakao trekta kubwa, tulikodishe kwa wakulima wa mpunga. Twaiheshimu rai yao, ila fedha hizi zimetoka katika karafuu, na mikarafuu ndiyo yenye haki ya kwanza. Kila tawi lijadili, lituletee shauri lake kwa maandishi kabla ya mkutano ujao. Mwenyezi Mungu atujaalie mavuno mema.

Katibu