Bomba lisilofaa hufuga mbu

Je, mtaro ulio mbele ya lango lako au katika shamba lako mashambani hutuama maji baada ya mvua? Basi jihadhari. Penye joto, yai la mbu wa malaria huwa mbu kamili kwa wiki moja au mbili tu.

Mara nyingi kosa huwa kwenye bomba. Kukausha shamba, nunua bomba la plastiki lenye mikunjo na vitundu, ulizungushie kokoto ili lisizibwe na matope. Kuvukisha maji chini ya njia ya gari, nunua lisilo na vitundu na lenye ukuta mnene. Lile jembamba la maji machafu ya nyumba hupasuka lori likipita. Lifukie kwa udongo wa sentimita 30 au zaidi.

Usibanie upana: bomba la inchi 12 lina uwazi mara nne ya lile la inchi 6. Lilaze kwa mteremko wa sentimita moja kila mita, na mdomo wake usiinuke juu ya sakafu ya mtaro, la sivyo maji yatabaki nyuma. Kila mvua kubwa ikipita, zoa taka mdomoni.

Hata hivyo, usiache kulala ndani ya chandarua.