Tumbo la Mkimbiaji Nalo Hufanyiwa Mazoezi

Katika London Marathon ya Aprili 2017, Mary Keitany wa Kenya alishinda kwa saa 2, dakika 17 na sekunde 1. Nyuma yake, Tirunesh Dibaba wa Ethiopia alisimama njiani akiwa ameshika tumbo, akatapika, kisha akajikaza na kumaliza wa pili, sekunde 55 baadaye.

Kama bingwa wa Olimpiki hukumbwa na hali hiyo, kijana anayejiandaa kwa mbio za Lewa, zinazokimbiwa humu humu Kaunti ya Meru, asione aibu kusema tumbo linamsumbua. Tafiti zinakadiria kuwa asilimia 30 hadi 50 ya wakimbiaji wa masafa marefu hupata kichefuchefu, kichomi, gesi au kuhara.

Chanzo kikuu ni damu. Ukikimbia kwa kasi, mwili huipeleka kwenye misuli na ngozi, na ile inayokwenda tumboni inaweza kupungua kwa hadi asilimia 80. Utumbo uliokosa damu hufyonza chakula kwa shida, na ukuta wake hulegea. Jua kali na upungufu wa maji huzidisha hali hiyo. Mtikisiko wa kila hatua nao husukuma kilichomo kielekee chini.

Chanzo cha pili tunakibeba wenyewe kutoka sokoni. Pale Gakoromone, mjini Meru, utapata maharagwe, mahindi, nduma, viazi vitamu, ndizi na maparachichi, na vyote ni chakula bora kwa mwanariadha. Kasoro huwa katika saa ya kula. Maharagwe yana aina ya sukari ambayo utumbo mdogo hauwezi kuisaga. Hufika utumbo mpana, bakteria wakaichachusha na kutoa gesi. Kwa hiyo githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, ipe nafasi baada ya mazoezi, si usiku wa kuamkia mashindano. Parachichi nalo lina mafuta mengi, na mafuta hukawiza chakula tumboni. Asubuhi ya mbio, saa mbili au tatu kabla ya kuanza, kula ndizi mbivu, mkate mweupe au uji mwepesi. Kama maziwa hukuvuruga, kunywa chai ya rangi.

Njiani, utumbo hufyonza takriban gramu 60 za glukosi kwa saa. Ukizidisha, sukari hubaki ndani, huvuta maji, na hapo ndipo mtu hukimbilia kichakani. Glukosi ikichanganywa na sukari ya matunda, ambayo hufyonzwa kwa mlango wake, kiwango kinaweza kufika gramu 90. Lakini hakuna anayeanzia huko. Katika mbio zako ndefu za kila wiki, anza na gramu 30 kwa saa, yaani zaidi kidogo ya ndizi moja ya wastani, kisha ongeza polepole. Baada ya wiki kadhaa utumbo huzoea.

Epuka kumeza ibuprofeni kabla ya kukimbia, kwani huumiza ukuta wa utumbo ambao tayari umepungukiwa damu. Miraa nayo hukawiza chakula tumboni na kufunga choo. Isitoshe, kemikali zake za kathini na kathinoni zimo katika orodha ya vichochezi vilivyopigwa marufuku mashindanoni. Maji kunywa kwa kufuata kiu. Kuyanywa kupita kiasi hushusha chumvi ya damu na kunaweza kuua.

Hata hivyo, si kila ugonjwa wa tumbo hutokana na mbio. Ameba, giardia na homa ya matumbo zingali nasi. Ukiona damu kwenye choo, ukiwa na homa, ukipungua uzito bila sababu, au kuhara kukiendelea hata siku za mapumziko, nenda hospitali ukapimwe kabla ya kubadilisha chakula. Vinginevyo, chagua leo chakula chako cha siku ya mbio na ukijaribu mazoezini mara kadhaa. Kile ambacho tumbo lako halijawahi kukijaribu, usikile asubuhi ya mashindano.