Vitindamlo bila ngano wala maziwa: soko lipo, fedha zapita pembeni

Katika hoteli za Nungwi, Paje na Kiwengwa, Zanzibar, mgeni asiyekula ngano wala maziwa hashangazi tena mpishi. Anaulizwa tangu anapohifadhi chumba, anaulizwa tena akifika, na jikoni ameshatengewa fungu lake. Kinachoshangaza ni namna fungu hilo linavyotumika. Mara nyingi hununuliwa nalo unga wa boksi usio na gluteni (protini ya ngano), maziwa ya lozi na siagi ya mimea, vyote vimeshushwa bandarini. Maziwa ya lozi, tena, katika nchi inayosafirisha sehemu kubwa ya korosho zake zikiwa ghafi.

Hapohapo nje ya geti, kitumbua ni mchele, tui, sukari, hamira na iliki. Mkate wa kumimina huongeza mayai tu. Kashata za nazi, ndizi mbivu za nazi na boga la nazi havijawahi kuomba ngano wala maziwa.

Maofisa wa utalii wakiulizwa fursa hii inamfikia nani, hujibu kwa idadi ya wageni. Mmoja wao, aliyeomba jina lake lisitajwe, aliirudia hesabu hiyo kila alipoulizwa jambo jingine: Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 600,000 mwaka 2023, na mwaka 2024 wakavuka 700,000. Takwimu si ya uongo. Lakini inahesabu wanaoshuka uwanja wa ndege na bandarini. Haisemi chochote kuhusu nani alilipwa kwa kilichowekwa kwenye bafe usiku huo. Alipobanwa kidogo kuhusu sehemu ya manunuzi ya jikoni inayobaki kisiwani, alisema mikakati ipo.

Mama mmoja wa mjini Unguja, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akipeleka vitamutamu hotelini, ana hesabu nyingine. Kwanza ni deni. Yeye hununua nazi, mchele na sukari kwa fedha taslimu, hoteli inamlipa baada ya miezi miwili, mara nyingine mitatu, na msimu wa masika ukikuta hoteli imefunga, ankara nayo inalala. Pili ni karatasi. Anadai aliambiwa alete cheti kinachothibitisha kwamba vitumbua vyake havina gluteni. Alipokwenda kuuliza, ofisi moja ikamtuma nyingine, na huko akaambiwa gharama ya kipimo ni juu yake, tena kwa kila aina ya bidhaa. Akaacha. Tatu, na hili ndilo linalomuuma zaidi, meneja manunuzi humbana bei ya kitumbua kwa kumtajia bei ya mama wa barazani, ilhali keki ya unga wa boksi hailinganishwi na chochote. Kwa maelezo yake, biashara ya hoteli sasa anaifanya kwa heshima tu. Faida anaipata kwenye harusi, maulidi na futari.

Malalamiko hayo yana uzito, lakini hoteli nayo haiogopi kivuli. Mtu mmoja hivi kati ya 100 duniani ana ugonjwa wa siliaki, na kwake chembe ya ngano si suala la kupenda au kutopenda. Kiwango cha kimataifa kinaruhusu chakula kiitwe hakina gluteni kikiwa na isiyozidi miligramu 20 kwa kilo. Sheria za Ulaya, wanakotoka wageni wengi wa Zanzibar, zinataka vizio 14, yaani vyakula vinavyoleta mzio, vitajwe kwa mlaji, maziwa na nafaka zenye gluteni vikiwemo, na msafirishaji wa watalii aliyezoea hilo huko kwao hulidai na huku.

Sasa tazama mchele unavyosafiri. Ukipelekwa mashineni kusagwa, huenda mawe yaleyale yametoka kusaga unga wa lishe wenye ngano ndani yake. Wapishi wengine hutia kijiko cha unga wa ngano ili kitumbua kishike, wala hawaoni kama ni kitu cha kutaja. Mafuta yaliyokaanga kaimati za ngano hukaanga na kingine. Halua, ambayo wanga wake si lazima uwe wa ngano, hupikwa kwa samli, na samli ni maziwa. Vileja vya unga wa mchele vinakwama hapohapo. Hata tui la unga la pakiti, kimbilio la mpishi mwenye haraka, baadhi ya aina zake zina kaseinati, ambayo ni protini ya maziwa. Na karanga za kashata ni kizio kinachojitegemea.

Kwa hiyo kinachokosekana ni mashine ya mchele mtupu, karai lisilochanganywa na kipimo cha bei ya kubebeka. Hakuna kati ya hivyo kinachoonekana kuwa na mwenyewe. Ofisa yuleyule alisema sekta binafsi ndiyo itakayoongoza. Mama yule alicheka aliposikia.

Dar es Salaam mambo yanakwenda kivingine. Waokaji wa keki za oda wanachanganya unga wa mchele na wa muhogo kwa wateja wa mjini, wengi wao si wagonjwa wa siliaki bali watu ambao maziwa hayawakai tumboni, jambo la kawaida kwa watu wazima wa Afrika. Mteja huyu haombi cheti, na hulipa kabla keki haijaingia oveni. Mombasa nako oda za namna hiyo zipo, hasa za mkate wa sinia.

Matarajio? Huenda mahitaji ya hoteli yakaongezeka, maana wageni wanaongezeka. Lakini nazi hupanda bei kila Ramadhani, na minazi mingi ya pwani ni mizee. Sukari ilipoadimika Tanzania Bara mwanzoni mwa 2024, waokaji wadogo ndio walioanza kupunguza oda. Mama wa Unguja anasema hoteli mbili zimemtafuta kwa msimu wa Juni. Amezijibu kwamba atapeleka zikilipa nusu mkononi, na hadi tunakwenda mitamboni zilikuwa hazijamrudia.